Kuvu Zinazokula Majani ya Ujiji

Jani la mwembe linapoachia tawi na kuanguka, tayari lina kuvu ndani yake. Zimeishi humo tangu jani lilipokuwa bichi, zimetulia bila kulidhuru, na likishakufa ndipo zinapoanza kazi. Juu yake hutua nyingine zilizoletwa na upepo na matone ya mvua, na kutoka chini hupanda nyingine za udongoni. Za mwanzo hula sukari iliyobaki. Za kati hula kuta za seli. Za mwisho ndizo zinazoweza kuvunja lignini, ule ugumu unaolifanya jani kavu lilie likikanyagwa. Hatimaye hakuna jani, kuna mboji. Sisi wa Ujiji, tunaoishi chini ya miembe mikubwa, tunaifagia kazi hiyo yote asubuhi na kuichoma moto jioni.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Mshahara naupata kwa kuandaa kemikali na vifaa vya mitihani ya vitendo. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote naifanya wanafunzi wakishaondoka, nikiwa na hadubini ya shule na makopo yangu yaliyojaa majani yaliyooza. Natafuta kuvu ndogo, zile ambazo hazitoi uyoga wala kofia, ambazo ukiziona kwa macho matupu ni vumbi jeusi tu au unywele mmoja uliosimama juu ya mshipa wa jani. Nimekuwa nikiulizwa na wasomaji wa blogu hii kwa nini naandika sana habari za uyoga wa porini na siandiki habari za hizi ambazo ndizo kazi yangu ya kila siku. Leo naziandika.

Njia ya kuzipata ni rahisi, mtu yeyote anaweza. Okota majani yaliyolala chini muda mrefu, yale yaliyogeuka rangi ya kahawa na kuanza kushikana. Yasuuze kwa maji yanayotiririka ili kuondoa vumbi na ukungu wa kawaida uliotua juu tu. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, tandika karatasi laini iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, panga majani bila kuyabebanisha, funika, weka kivulini. Siku za mwanzo utaona ukungu mweupe na wa kijani ukikimbia juu ya majani kama kawaida yake. Wengi hapo hutupa kopo wakidhani limeharibika. Usitupe. Kuvu zinazostahili kusubiriwa ni za polepole, na huanza kusimama wiki ya pili au ya tatu, ule ukungu wa haraka ukishachoka. Fungua mara chache ili hewa iingie, nyunyiza maji kidogo, subiri tena. Nimepata vitu vizuri kwenye makopo niliyoyaacha zaidi ya mwezi mmoja.

Kuvu iliyonifanya nisiache kazi hii inaitwa Beltrania rhombica. Ukiichomoa na sindano nyembamba, ukaiweka kwenye tone la asidi ya laktiki juu ya slaidi na kufunika kwa kioo, kwanza unaona nywele nyeusi zilizonyooka, ngumu, zenye ncha kali. Chini ya nywele hizo vimesimama vishina vifupi vyenye vijino, na kwenye vijino ndipo spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, huzaliwa. Kila spora ina pembe mbili zilizochongoka, kama kishada cha watoto wa mtaani kwetu, na mkia wake pia inao: mwiba mmoja mwembamba kwenye ncha. Ni ya rangi ya kahawa hafifu, na katikati umepita mkanda usio na rangi kabisa. Urefu wake ni mikromita 20 na kitu, maana yake spora 40 hivi zikipangwa mstari mmoja ndipo zinafika milimita moja. Nilipoiona mara ya kwanza niliita walimu wawili waliokuwa bado ofisini waje waangalie. Mpaka leo kila ninapoikuta, na hukutwa mara nyingi, huwa sina haraka ya kuhamisha slaidi.

Aliyeipa jina ni Otto Penzig, mwaka 1882, alipokuwa akichunguza kuvu za michungwa na milimau ya Italia. Tangu hapo imeonekana kwenye majani yanayooza karibu kila nchi ya joto. Lakini mtu ambaye alikaa nayo kwa undani, akaichambua pamoja na ndugu zake wote, ni mwanasayansi mmoja wa Kipolandi, K. A. Pirozynski, na habari zake ndizo hasa zilizonikalisha kuandika leo, kwa sababu majani yake mengi aliyaokota hapa kwetu.

Watu wa Kigoma tunajua habari za Gombe kwa upande wa sokwe. Kila mgeni anayepanda boti Kibirizi anakwenda kuwaona sokwe wa Jane Goodall. Kinachosahaulika ni kwamba miaka ya 1960, bonde la Kakombe, ndani ya Gombe hiyohiyo, lilikuwa na kijana aliyekuwa akitazama chini wakati wenzake wanatazama juu mitini. Pirozynski alikuwa ameshaandika mwaka 1962 kuhusu kuvu zenye nywele zilizojikunja, jenasi (yaani makundi ya spishi ndugu) za Circinotrichum na Gyrothrix, na mwaka 1963 kuhusu Beltrania na ndugu zake, ambako alianzisha jenasi mpya ya Hemibeltrania. Mwaka 1972 ikatoka kazi yake kuhusu kuvu ndogo za Tanzania. Sehemu ya kwanza ni kuvu za mchikichi. Sehemu ya pili ni spishi mpya. Kakombe imeandikwa humo kama mahali pa asili pa vitu ambavyo sayansi haikuwa ikivijua.

Mchikichi, jamani! Mti wetu. Mti ambao bibi yangu alikamua mawese yake maisha yake yote pale Ujiji, ambao mise zake, yaani kokwa zake, tulizipasua kwa jiwe tukiwa wadogo. Mtu alitoka mbali akaona kwamba makuti yake yaliyokufa yanastahili kurasa na michoro ya wino, na sisi tuliozaliwa chini yake hatukuwahi kuambiwa shuleni kwamba kazi hiyo ipo. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu sasa nawaonyesha wanafunzi wangu michoro ile kabla sijawaonyesha kitu kingine chochote.

Pirozynski baadaye alifanya kazi Ottawa, Kanada, na mwaka 1975 yeye na David Malloch walitoa hoja kubwa: kwamba mimea ya kwanza isingeweza kutoka majini na kuishi nchi kavu bila kushirikiana na kuvu. Wakati ule ilikuwa hoja ya kuthubutu. Leo ni msingi wa kila mazungumzo kuhusu asili ya mimea ya nchi kavu. Mimi siwezi kuthibitisha kwamba wazo hilo lilianzia kwenye majani ya Kakombe. Naamini tu kwamba mtu aliyetumia miaka akiangalia jinsi kuvu na jani wanavyokaa pamoja, jani likiwa hai na likiwa limekufa, alikuwa mahali pazuri pa kuliona.

Sasa tuje kwenye kuainisha, kwa sababu kuona ni mwanzo tu. Watu huniuliza, “Utajuaje kwamba ni mpya?” Jibu la haraka ni kwamba hujui. Unaanza kwa kudhani kwamba si mpya, halafu unatafuta jina lake kwa bidii yote, na ukishindwa kwa haki ndipo unaanza kushuku.

Karne ya kumi na tisa, Pier Andrea Saccardo wa Italia alizipanga kuvu hizi kwa sura ya spora: yenye chumba kimoja, vyumba viwili, vyumba vingi, nyembamba kama uzi, iliyojiviringa, yenye matawi ya nyota, na rangi yake, nyeusi au angavu. Mpango huo unamsaidia mtu aliye na hadubini na daftari, na mimi bado naanza nao. Tatizo ni kwamba sura hudanganya. Spora zenye mikono minne, kwa mfano, hupatikana sana kwenye majani yanayooza ndani ya vijito, kwa sababu umbo hilo hunasa vizuri kwenye kitu maji yanapokwenda kasi. C. T. Ingold alizieleza mwaka 1942 kutoka kijito kimoja cha Uingereza, na baadaye akaandika pia juu ya zile za Uganda. Vinasaba vimeonyesha kwamba umbo hilo limetokea mara nyingi katika koo mbalimbali zisizo na undugu wa karibu.

Mwaka 1953 Stanley Hughes, ambaye alikuwa amefanyia kazi pia kuvu za Gold Coast, yaani Ghana ya sasa, alisema tusitazame tu spora ilivyo, tutazame inavyozaliwa. Je, inachipuka kwenye ncha na kuacha kovu? Inasukumwa kutoka ndani ya kijichupa, moja baada ya nyingine? Inajikata kutoka kwenye uzi uliokwishakomaa? Shina linaendelea kurefuka baada ya kila spora, au linabaki palepale? Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika, kwa sababu slaidi moja haikuonyeshi uzazi. Unahitaji kuona spora changa, ya kati na iliyokomaa kwenye shina moja, na unahitaji lenzi ya mafuta, na mkono usiotetemeka. Nimejifunza zaidi kwa kuchora kuliko kwa kupiga picha. Picha inachukua kila kitu kwa usawa; mkono unaochora hulazimika kuamua mstari huu ni ukuta wa seli au ni kivuli.

Halafu imekuja DNA. Tangu mwaka 2012 wanasayansi wamekubaliana kwamba kipande kiitwacho ITS ndicho alama ya kwanza ya kutambulisha kuvu. Lakini kwa kuvu za majani, DNA inataka kuvu iliyo peke yake, na kwenye jani moja kuna mchanganyiko wa ajabu. Lazima uoteshe spora moja. Mimi natengeneza chakula cha kuoteshea kwa viazi mviringo: gramu 200 za viazi, vinachemshwa na kuchujwa, gramu 20 za glukosi, agari, vinatimizwa kuwa lita moja, kisha vinaingia kwenye sufuria ya presha. Spora naidondosha kwa sindano chini ya hadubini. Nyingi hukataa kuota. Nyingine huota zikawa uzi mweupe tu usiotoa spora hata moja, na hapo nalazimika kuweka kipande cha jani la mchikichi kilichochemshwa juu ya agari ili zijisikie nyumbani.

Na sasa niseme nilicho nacho mezani.

Kwenye makuti yaliyozeeka ya shamba moja upande wa mto Luiche kuna kuvu ambayo nimeikuta misimu tofauti. Iko upande wa ndugu wa Beltrania, kwenye jenasi ya Beltraniella: ina nywele nyeusi zilizosimama juu ya mguu uliogawanyika kama vidole, spora pana upande wa juu na nyembamba upande wa chini, bila ule mwiba mrefu. Nimeilinganisha na maelezo ya spishi zote za jenasi hiyo ninazoweza kupata. Spora zake ni fupi kuliko zinavyotakiwa kuwa, na nywele zake hazina ncha kali. Ncha ni butu na imevimba kidogo. Nimepima spora nyingi, kutoka makuti ya michikichi tofauti, kwa sababu unyevu ukibadilika vipimo navyo hubadilika, na kuvu iliyokua kwenye kopo langu yaweza kuwa fupi kuliko iliyokua shambani. Tofauti imebaki. Nimeiotesha na inakua taratibu.

Mwenye shamba ni mzee anayenifahamu tangu nikiwa mtoto. Siku moja alinikuta nimeinama na kiwembe na bahasha za kaki.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hao wadudu unaowatafuta, wanaua mchikichi?”

Swali lake ni la haki kabisa. Tangu serikali ilipoanza kampeni ya kufufua zao la mchikichi mwaka 2018, miche mipya imepandwa mkoa mzima, na Kihinga kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Mkulima aliyeweka nguvu yake kwenye miche ana haki ya kuogopa kila doa jeusi. Nilimweleza kwamba hizi za makuti yaliyokufa ndizo zinazomrudishia shamba lake mbolea, na kwamba tusipozijua za kawaida, siku ugonjwa ukija tutapoteza muda kuhangaika na zisizo na hatia. Akaniambia basi asiyachome makuti ya mstari ule mpaka nimalize. Hajayachoma.

Kinachobaki kabla ya kuitwa spishi mpya ni kirefu. Lazima kuwe na holotaipu, yaani sampuli moja iliyokaushwa, iliyowekwa kwenye hifadhi rasmi, ambayo jina litafungwa nayo daima. Mtu yeyote wa miaka mia ijayo akinitilia shaka, ataomba kuiona hiyo na si kusoma maneno yangu tu. Kuvu iliyooteshwa maabara ikiwa hai haitoshi mpaka iwe imezuiwa kukua, kwa kugandishwa au kukaushwa. Maelezo lazima yachapishwe. Zamani yalitakiwa kuwa ya Kilatini. Mkutano wa wanabotania wa Melbourne wa mwaka 2011 uliruhusu Kiingereza kuanzia 2012, na kuanzia 2013 kila jina jipya la kuvu lazima liwe na namba ya usajili. Mkutano huohuo ulimaliza jambo lililosumbua watu miaka mingi: kuvu moja kuwa na majina mawili, moja la hatua ya kujamiiana na jingine la hatua ya spora za kawaida. Sasa kuvu moja, jina moja. Kwa sisi wa majani hili ni jambo kubwa, kwa sababu karibu kila tunachokiona ni ile hatua ya spora za kawaida, na zamani majina yake yalitendewa kama ya muda.

Sampuli za Pirozynski ziliwekwa katika taasisi ya utafiti wa kuvu iliyokuwa Kew, Uingereza, na mkusanyiko ule leo uko chini ya bustani ya kifalme ya Kew, katika hifadhi yenye sampuli zaidi ya milioni 1.25 za kuvu. Zimetunzwa vizuri na nawashukuru wanaozitunza. Bila wao nisingekuwa na cha kulinganisha. Lakini nimeamua kwamba ya kwangu, kama itathibitika, holotaipu itabaki Tanzania, na kipande cha pili ndicho kitakachosafiri. Tuna hebariamu, yaani hifadhi za sampuli zilizokaushwa, Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na majirani zetu wana ile ya Nairobi. Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kuiona kuvu ya Luiche asihitaji viza.

Kwa sasa kuvu niliyoiotesha iko kwenye mikono ya watu wa chuo wenye mashine ya kusoma vinasaba, baada ya kupitia vibali vyote vya sampuli. Kuvu zilizokwisha kupewa majina duniani ni kama 150,000, na makadirio ya Hawksworth na Lücking ya mwaka 2017 yanasema zote ni kati ya milioni 2.2 na 3.8. Kwa hesabu hiyo kukuta isiyo na jina si muujiza. Inawezekana kabisa pia ikarudi na jibu kwamba ni spishi iliyokwisha kuelezwa huko Brazili au India, ambayo maelezo yake ya sura hayakuwa kamili. Hata hivyo itakuwa rekodi ya kwanza niijuayo ya kuvu hiyo kwenye mti huu upande huu wa ziwa, na nitaiandika hapa.

Wanafunzi wangu wanaomba niwaambie jina nililolichagua. Nimelichagua, ndiyo. Lakini jina lililotajwa hadharani kabla ya maelezo na holotaipu halina uhai kisheria, na linaweza kuzunguka kwenye maandishi ya watu miaka mingi likichanganya kila anayelikuta. Kwa hiyo kwenye bahasha bado imeandikwa Beltraniella sp., Luiche, mchikichi, pamoja na tarehe na namba ya mstari wa mti.